Mali Bila Daftari

Katika kazi yangu ya kusoma habari redioni nimetamka neno "ruzuku" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ruzuku ya mbolea, ruzuku ya mbegu, ruzuku ya dawa ya pamba, ruzuku ya bei. Taarifa hizo zina desturi moja: hutaja kiasi. Serikali imetenga shilingi bilioni kadhaa, wakulima watanufaika, na hapo ndio mwisho wa habari. Ni nadra mno kusikia taarifa ya pili, inayosema fedha zile zimefika kwa nani, katika kijiji gani, na nani alishuhudia zikifika.

Wiki hii basi nataka tutazame historia ya msaada anaopewa mkulima, na tuitazame mahali pamoja ninapopafahamu: Shinyanga na Geita, nchi ya pamba ambayo wakubwa huiita dhahabu nyeupe. Hoja yangu naitoa mapema ili tusipotezane njiani. Kwa miaka zaidi ya 70 mkulima wa pamba amepewa misaada ya kila aina. Kila msaada ulisimama au ulianguka kwa jambo moja: je, yeye mwenyewe aliweza kuliona daftari?

Turudi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jimbo la Ziwa liko chini ya Waingereza. Mkulima wa Geita, Kwimba, Maswa au Shinyanga anabeba pamba yake kichwani au juu ya baiskeli hadi kituo cha kununulia. Wanunuzi wengi ni wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wakiwanunulia wenye vinu vya kuchambulia pamba. Bei imepangwa na serikali na inajulikana. Sasa mtu ataibiwa wapi ikiwa bei inajulikana? Ataibiwa kwenye mizani. Ratili chache zikipotea kwa huyu na chache kwa yule, jioni mnunuzi amepata mzigo mzima ambao hakuulipia hata senti.

Wazee wetu hawakuandika barua ya kuomba msaada. Walichanga fedha, wakaajiri vijana wanaojua hesabu, wakawaweka vituoni kuhakiki uzito wa pamba kando ya mnunuzi. Hao ndio wapimaji huru. Hawakuongeza bei hata kwa senti moja, wala hawakugawa mbegu wala dawa. Walikuwa jicho la pili tu. Lakini jicho hilo la pili ndilo lililozaa ushirika wa pamba. Paul Bomani, aliyekuwa mtumishi wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, akazunguka vijijini kuwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Kufikia mwisho wa muongo ule vyama vya wakulima ndivyo vilivyokuwa vikinunua pamba ya Usukuma, na baadaye vikamiliki hata vinu.

Tukumbuke pia kwamba TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Watu walionyimwa mkutano wa siasa walikuwa na mkutano wa pamba. Mwaka 1958 watu wa Geita walipoandamana hadi Mwanza kulikataa baraza la wilaya walilowekewa na serikali ya kikoloni, hawakuwa wageni wa kusimama pamoja. Walikwisha jifunza kudai hesabu.

Wakati huo huo serikali nayo ilikuwa na aina yake ya msaada. Baada ya Vita Kuu ya Pili, makoloni ya Mwingereza yaliwekewa bodi za kuuza mazao. Nadharia yake ilikuwa nzuri. Mwaka wa bei kubwa duniani, bodi impe mkulima chini ya bei hiyo na kuweka akiba. Mwaka wa bei mbaya, akiba itolewe ili bei isianguke. Ni kama mtu anayejaza ghala wakati wa mavuno ili ale masika. Ila mwenye ghala alikuwa mwingine, na ufunguo alikuwa nao yeye. Jirani zetu wa Uganda waliona mifuko ya pamba na kahawa, iliyojazwa kwa jasho la wakulima, ikitumika kugharimia miradi ya maendeleo ambayo waliochanga hawakuulizwa habari yake. Sisemi miradi ile ilikuwa mibaya. Nasema kwamba fedha iliyoitwa msaada wa bei ilikuwa ya mkulima mwenyewe tangu awali.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo pa kuweka alama. Tunapouliza serikali imempa mkulima kiasi gani, swali hilo halikamiliki mpaka tuulize pia alikatwa kiasi gani kabla ya kupewa.

Uhuru ulipokuja pamba ilistawi ajabu. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilivuna marobota zaidi ya 400,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka Kanda ya Ziwa. Lakini ushirika ulipopewa haki ya kununua peke yake, yule mpimaji huru akatoweka. Nani angemhitaji, hali chama ni chetu? Muda si mrefu kilio kikawa kile kile cha zamani, ila sasa karani wa mizani alikuwa mtoto wa ukoo. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika, na ikakuta uongozi mbovu, upendeleo na ubadhirifu. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mahali pake kikaja Chama cha Ushirika cha Nyanza. Hatimaye, Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na kazi ya pamba ikakabidhiwa Mamlaka ya Pamba.

Katika zama hizo za mamlaka ndipo mkulima alipozoea neno "bure". Mbegu zilikuja bure. Dawa ya kunyunyizia ilikuja kwa bei ya kutupa. Lakini hakuna cha bure kilichotoka mbinguni. Gharama ya mbegu, dawa, usafiri na mishahara ya ofisini ilikatwa kabla bei ya mkulima haijatangazwa. Aliyelima ekari 10 na aliyelima ekari 1 wote walilipa kwa kila kilo, awe amepata dawa au hakupata. Na kwa kuwa makato hayo hayakuandikwa kwenye stakabadhi, mkulima hakujua kama anasaidiwa au anajisaidia.

Vyama vikuu vilirudishwa katika miaka ya 1980, Nyanza kwa upande wa Mwanza na SHIRECU kwa upande wa Shinyanga, vikiwa na madeni na vinu vilivyochoka. Mimi nilikulia katika nyumba ya mkulima wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mtoto wa shule, na nakumbuka mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye kenchi la nyumba yetu. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za pamba iliyokwisha chukuliwa na haijalipwa. Nikiuliza habari ya sare mpya, mama hunyoosha kidole juu na kusema, "Sare yako ile pale, mwanangu, inaning'inia." Chama kilichochukua pamba sitakitaja. Nitataja tu kwamba zile stakabadhi zilionyesha kilo, zilionyesha tarehe, wala hazikuonyesha siku ya malipo.

Mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa. Wafanyabiashara binafsi wakaja na fedha taslimu mkononi, na kwa misimu ya mwanzo mkulima alifurahi, kwa haki kabisa. Katika miaka hiyo hiyo ruzuku ya mbolea nayo ilikuwa ikipunguzwa kwa hatua hadi ikafutwa. Ndipo likazuka tatizo jipya: nani atakopesha dawa? Mnunuzi aliyekopesha mkulima mwezi wa Desemba aliona pamba ile ile ikiuzwa kwa mwenzake mwezi wa Julai. Basi kila mmoja akaacha kukopesha, na mashamba yakaachiwa wadudu.

Jibu lilikuwa Mfuko wa Kuendeleza Zao la Pamba na kile kijitabu ambacho wakulima walikiita pasibuku. Wazo lake lilikuwa la busara. Wanunuzi wanachangia mfuko kwa kila kilo. Mkulima akiuza pamba, kilo zake zinaandikwa katika kitabu chake. Msimu unaofuata anapeleka kitabu na kupata dawa kulingana na alivyouza. Kwa mara ya kwanza tangu wale wapimaji huru, mkulima alishika daftari mkononi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lilikuwapo.

Kwa nini basi halikudumu? Kwa sababu kitabu kimoja kilikuwa kwa mkulima na kingine kilikuwa ofisini, na vitabu hivyo havikusalimiana. Kilo zilizoandikwa hazikulingana na dawa iliyofika. Wako waliofika na pasibuku zilizojaa wakakuta rafu tupu. Wako walionunua pasibuku za wenzao. Na tuwe wakweli, wako pia wakulima waliomwagia pamba maji na kuitia mchanga ili kilo ziongezeke kitabuni. Mizani isiyo na shahidi humharibu mnunuzi, na humharibu mkulima vile vile.

Ikaja vocha. Kuanzia msimu wa 2008, baada ya bei za vyakula na mbolea kupaa duniani, serikali ilianzisha mpango wa vocha za pembejeo, na Benki ya Dunia ikaugharimia kwa sehemu. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea na mbegu bora za mahindi au mpunga za kutosha ekari moja, vocha ikilipia karibu nusu ya bei, na nusu nyingine mkulima ajitolee. Kwenye karatasi utaratibu ulikuwa mzuri: kamati ya vocha ya kijiji ichaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji, majina yapitishwe hadharani, na wakala alipwe baada ya kurudisha vocha zenye saini za wakulima.

Pale mkutano ulipofanyika kweli, mpango ulisaidia, na wapo waliovuna gunia kadhaa zaidi ya walivyozoea. Pale mkutano ulipofanyika katika daftari la mtendaji peke yake, yalitokea mengine. Mkulima asiye na nusu ya bei aliweka saini, akapewa shilingi elfu chache na wakala, na mbolea ikaishia dukani. Wapo waliotiliwa saini hali walikwisha fariki. Miaka kadhaa baadaye mawakala walikuwa wakiidai serikali fedha za pembejeo walizosema walizigawa, na serikali ikalazimika kuhakiki madai na kusema hadharani kwamba mengine ni hewa. Mawakala waaminifu waliokopa benki wakasubiri pamoja na wale wezi, kwa sababu hapakuwa na orodha ya wazi ya kuwatenganisha.

Msimu wa 2009 ulileta ruzuku ya aina nyingine, ya fedha juu ya bei. Msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani mwaka 2008 uliangusha bei ya pamba duniani. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7. Kwa pamba, mnunuzi alilipa shilingi 360 kwa kilo na serikali ikaongeza shilingi 80, ikawa 440. Tufanye hesabu ya nyumbani. Mwenye kilo 500 alipata nyongeza ya shilingi 40,000. Si haba, ni sare na madaftari ya watoto. Sehemu nyingine ya mpango ilikwenda kufidia hasara za kampuni na vyama vilivyonunua mazao kwa mikopo ya benki. Zile 80 mkulima aliziona, kwa kuwa zilikuwa ndani ya bei iliyotangazwa. Zile za kampuni je? Miaka iliyofuata wabunge walisimama Bungeni wakidai waonyeshwe orodha ya walionufaika. Mbunge kudai orodha baada ya fedha kutoka ni kama kufunga zizi ng'ombe akiwa mnadani.

Huenda msomaji wa mjini ukasema, basi tufute ruzuku, soko liamue. Swali la haki. Lakini soko la pamba lenyewe halijawahi kuwa huru. Msimu wa 2001/2002 Marekani iliwalipa wakulima wake wa pamba, wapatao 25,000 tu, ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 3. Pamba yao ikajaa duniani na bei ikaporomoka mpaka Maswa. Brazil ilipeleka shauri Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 na ikashinda, na mwaka 2014 pande mbili zikamalizana kwa Marekani kulipa dola milioni 300. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Mali na Chad nazo zilikwenda Cancun kulalamika, zikarudi bila kitu cha maana.

Hata hivyo liko jambo moja la Wamarekani ninalolionea wivu. Kumbukumbu za malipo hayo hupatikana kwa sheria yao ya haki ya kupata habari. Shirika la kiraia liitwalo Environmental Working Group lilizichukua, likazichapisha kaunti kwa kaunti, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Ndipo wananchi walipogundua kwamba baadhi ya waliolipwa ni matajiri wanaoishi mijini. Ruzuku haikukoma, lakini mabishano yao sasa yana majina na tarakimu. Sisi nasi tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria ipo. Ubao wa matangazo wa kijiji ndio mtupu.

Na kabla hatujamwona mkulima kuwa ndiye ombaomba wa taifa, tumtazame jirani yake. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Chini ya mikataba ya zama zile, malipo ya mgodi kwa halmashauri yaliwekewa kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, hata dhahabu ipande bei namna gani, hadi miaka ya 2010 ndipo halmashauri ilipoanza kulipwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kampuni za madini zilisamehewa pia ushuru wa mafuta, jambo lililochunguzwa mwaka 2008 na kamati ya Jaji Mark Bomani, mdogo wake Paul Bomani yule yule wa mizani. Wakati huo huo pamba ilitozwa ushuru wa halmashauri wa asilimia 5, mpaka 2017 ulipopunguzwa kuwa 3 kwa mazao ya biashara. Sheria husema ushuru hulipwa na mnunuzi, lakini mnunuzi huutoa katika bei anayompa mkulima. Mwaka 2011, pamba ilipofika shilingi 1,100, asilimia 5 ilikuwa shilingi 55 kwa kila kilo. Mwenye kilo 500 alichangia shilingi 27,500 kabla hajasema lolote. Sasa nani hasa alikuwa akipewa ruzuku, mwenye jembe au mwenye mgodi?

Mwaka uliofuata, 2012, bei ilishuka hadi 660 na wakulima wengi wakagoma kuuza. Mwaka 2019 ilielekezwa pamba inunuliwe kwa 1,200. Bei ya dunia ikawa chini, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walikabidhi pamba kwenye vyama vyao vya msingi wakasubiri malipo miezi kadhaa. Mifuko ya nailoni ikarudi kwenye kenchi. Kisha mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea, serikali ilitenga shilingi bilioni 150 za ruzuku, ikaandikisha wakulima na kuwapa namba. Hatua hiyo ni kubwa, kwani namba ni ngumu kughushi kuliko saini. Lakini kompyuta nayo ni daftari. Ikiwa mwenye kijiji hawezi kuona kilichoandikwa dhidi ya jina lake, tumebadilisha kabati tu.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje. La kwanza, kila msimu orodha ya waliopata pembejeo ibandikwe ofisi ya kijiji na ghala la chama cha msingi: jina, aina, kiasi, tarehe. La pili, stakabadhi ya pamba ionyeshe kila kilichokatwa na kimekatwa kwa ajili ya nini. La tatu, wakulima warudishiwe haki ya kumweka mpimaji wao kando ya mizani, hata kama mizani yenyewe siku hizi ni ya kidijitali.

Nitaambiwa kwamba wanakijiji wengi hawasomi. Mwaka 1952 waliosoma walikuwa wachache zaidi, na walitosha.

Wewe unayesoma gazeti hili kwenye daladala, huenda una mama au mjomba anayelima huko kwetu. Ukienda likizo, usimuulize tu kama mvua zimenyesha. Muulize alipewa nini msimu huu, alikatwa kiasi gani, na orodha ameiona wapi. Akikosa jibu la swali la tatu, nenda naye hadi ofisi ya kijiji mkaiulizie pamoja.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.